Nikuze na Maswali ya Mwalimu Anastazi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza kwa fujo, na redio yangu niliyoisahau dirishani imelowa hadi imekata sauti. Jioni bila redio ni ndefu kwa mjane. Basi nimetoa daftari jipya kabatini, nitaandika mambo ya shule mpaka fundi wa Kayanga apate nafasi ya kuitazama.

Habari ya leo ni moja. Tumepokea mwalimu mpya wa Kiingereza, Anastazi, kijana wa Bukoba mjini. Ameshuka kwenye bodaboda na koti la mvua la kijani linalomfika magotini, mabuti ya mpira, na faili kwapani. Akatuamkia wote ofisini kwa Kiingereza, hata mimi ninayefundisha Kiswahili na ninayeweza kumzaa. Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu," ingawa shikamoo hakuitoa. Ofisi nzima ikacheka. Mimi ni mtu wa Muleba, nawajua wenzangu wa kule ziwani: mtu akishasoma kidogo tu, hata ndizi anataka aile kwa uma.

Amepangiwa Kidato cha Kwanza B, ambacho ndicho darasa langu. Tutaonana.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Watoto wengi wamekuja na majivu kwenye paji la uso. Mvua imeyafuta kabla ya saa nne.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimekaa nyuma ya darasa nikisahihisha insha, nikawa namsikiliza kijana wa watu anavyofundisha. Hana ubaya. Anafundisha kama tulivyofundishwa sote: mtoto anasimama, anaulizwa jina lake nani, anatoka wapi, baba yake anaitwa nani, baba alizaliwa wapi, nyumbani wapo wangapi. Akijibu, mwalimu anaweka alama kwenye faili na kwenda kwa mwingine. Maswali hayo ndiyo mlango wa kila lugha ya kigeni. Mimi niliyapitia kwa masista, na hadi leo ukiniamsha usingizini nitakwambia kwa Kiingereza baba yangu alizaliwa wapi.

Zamu ikamfikia Nikuze. Huyu ni binti wa Mbonimpa, kibarua wa mashamba ya kahawa, familia yenye asili ya ng'ambo ya mto wa mpakani kama nyingi za huku Ihanda. Kwenye kipindi changu mtoto huyu hajui kunyamaza. Kitendawili hakijaisha, ameshakitegua. Leo alisimama, akatazama sakafu. Anastazi akarudia swali taratibu, kisha kwa sauti kubwa kana kwamba mtoto ni kiziwi. Mwisho akamwuliza kwa Kiswahili: unatoka wapi, kuna ugumu gani hapo? Kimya. Alipoinama kuandika kitu kwenye faili, Nikuze akaanza kutetemeka hadi dawati likawa linagonga.

Nikajisemea, huo ni woga wa Kiingereza, utapita kama surua.

Jumanne, 11 Machi

Nikuze hayupo.

Alhamisi, 13 Machi

Alikuja. Kengele ya kipindi cha Kiingereza ilipolia aliomba ruhusa ya kwenda chooni, asirudi. Nimemkuta kwenye migomba ya shule, amechutama, analowa. Nikamfokea. Akasema, "Nisamehe, madam," na sauti ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka. Hilo limenikera kuliko utoro wenyewe.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Hayupo.

Jumanne, 18 Machi

Hayupo.

Jumatano, 19 Machi

Anastazi amenifuata ofisini wengine wakiwa chai. Safari hii shikamoo aliitoa kamili. Akaniuliza kama mimi naona amemkosea nini yule binti. Nikamtania kwamba labda anamwogopa kwa urefu wake. Hakucheka. Akasema huko alikofundisha kabla, watoto walimzomea, walimchoka, walilala kipindini, lakini hakuna aliyewahi kutetemeka mbele yake, na kwamba toka siku ile anaamka na mlio wa lile dawati masikioni.

Anataka kwenda nyumbani kwao mwenyewe. Nikamwambia nenda, baba, kwao si mbali. Nilikuwa na rundo la insha mbele yangu na sikufikiri zaidi ya hapo.

Ijumaa, 21 Machi

Amekwenda jana, na leo amenisimulia akiwa amekunja mikono kama mtoto aliyevunja chungu.

Alifika kwa bodaboda mchana, koti la kijani mwilini, mabuti mguuni, faili kwapani. Pikipiki ilinguruma mpaka uani. Akapiga hodi mlango wa mbele. Hakuna aliyeitikia. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na kigoda, kisu, na ndizi iliyomenywa nusu. Uani maharage yalikuwa yanachemka jikoni, na kandambili moja ya mtoto ilibaki kwenye njia ya kuingia migombani. Ndipo akaelewa kwamba wenyeji walikuwepo sasa hivi na wamemkimbia yeye.

Akasimama pale akiita kwamba ni mwalimu. Migomba ikanyamaza. Akataka kuondoka, lakini akaona maharage yanakauka maji. Akatafuta ndoo, akaongeza maji. Akangoja. Mvua ikaanza. Mwisho akaiepua sufuria, akaifunika na jani, akausogeza moto pembeni usije ukashika nyasi, akaondoka kwa miguu maana mwenye pikipiki alikuwa ameshakimbia mvua.

"Mama," akaniambia, "nimewafanyia nini wale watu?"

Nilikuwa nawaza kwamba kati ya walimu wote niliofanya nao kazi, sijui ni wangapi wangeyaona yale maharage.

Jumatatu, 24 Machi

Mkuu wetu wa shule, Madam Costansia, amesema jina la Nikuze linakwenda kwa mtendaji wa kata kwa utoro. Ni utaratibu: mtendaji atakwenda nyumbani na mgambo, atawahoji wazazi. Nimemwomba asubiri. Akaniuliza nasubiri nini. Nikasema sijui, lakini watu waliomkimbia mwalimu, wakimwona mgambo watakimbilia wapi? Wakivuka mto, mtoto huyo tumempoteza moja kwa moja. Amenipa mpaka Pasaka, na amenipa kwa kununa.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nimekwenda mwenyewe.

Huku kwetu mtu mwema haji na mlango wa mbele akiwa na injini. Mtu mwema anapita njia ya nyuma, ndani ya kibanja, kwenye migomba, anaita toka mbali: mimi ni fulani, mtoto wa fulani, nimekuja kwa amani. Nilifunga kitenge, nikachukua chumvi na kipande cha sabuni, nikaita hivyo kwa Kinyambo cha huku, kwa lafudhi yangu ya Muleba. Nilipofika uani, Immaculata, mama yake Nikuze, alikuwa amesimama ananingoja. Akapiga goti kunisalimu ingawa tope lilikuwa la kutosha.

Sikuuliza kitu. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu, nikamenya naye ndizi. Tukasema habari za mvua, za kahawa iliyozaa vizuri mwaka huu, za kuku. Ndizi zilipokuwa zinaelekea kwisha akaingia ndani, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Hapo nikajua nimepokelewa, nikamwambia kwamba Nikuze ana akili na darasa halina raha bila yeye.

Kisha akanieleza habari za mama mkwe wake, Mahoro.

Bibi huyo aliletwa hapa akiwa bibi harusi, akazaa hapa, akamzika mumewe hapa. Mwaka ule watu wa ng'ambo walipokuwa wanarudishwa kwao, Nikuze akiwa ndio kwanza anajifunza kutembea, walikuja wageni na gari, wakasimama mlangoni, wakamwuliza bibi jina lake nani, anatoka wapi, baba yake nani, baba alizaliwa wapi, nyumbani wapo wangapi. Bibi alikuwa mtu wa heshima. Mkubwa akikuuliza, unajibu. Akajibu yote, bila kuficha, mpaka jina la kilima alikozaliwa. Wakamshukuru, wakampandisha gari. Yuko ng'ambo mpaka leo, wanasikilizana kwa simu.

Mbonimpa amezaliwa hapa hapa. Kitambulisho anacho, amekifunga kwenye nailoni na kukichomeka darini, lakini kitambulisho hicho hakijawahi kumpa usingizi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi watoto wao wote wamefundishwa jambo moja kabla ya kusali: ukiulizwa unatoka wapi na baba yako nani, na anayeuliza anaandika, funga mdomo.

"Nikuze si mjinga, mwalimu," akasema Immaculata. "Anatii."

Nilihisi aibu ya darasa zima ikinishukia, miaka yangu yote ya kuwaita watoto wa namna hiyo mabubu. Nilikuwa nimesimama kuaga aliponiuliza yule mtu aliyeepua maharage yao ni nani. Nikamwambia ndiye mwalimu wa Kiingereza. Akageuza uso akatazama jiko.

"Wale wa gari hawakuepua chungu," akasema.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya misa nimemweleza Anastazi yote, tumesimama chini ya upenu wa kanisa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza koti lake linaonekanaje. Nikamwambia ukweli: linaonekana kama la mtu aliyekuja kukuandika.

Jumatatu, 31 Machi

Koti amempa mlinzi. Faili ameliacha ofisini. Ameingia darasani amelowa kama kuku wa mvua, na watoto wamefurahi sana.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekaa tena nyuma, na safari hii sikugusa insha.

Amewaambia watoto kwamba maswali ameyageuza. Juma hili lote wao watauliza na yeye atajibu. Ajabu ya Mungu, watoto ambao Kiingereza chao hakijazi kiganja wakawa wanagombania kunyoosha mikono. Una mke? Unakula nini? Kwa nini una meno mazuri? Akajibu yote. Kisha Theoneste, mtoto wa mwenye duka, akamwuliza baba yake anaitwa nani na alizaliwa wapi. Anastazi akamgeukia. Akasema hajui. Akasema kwamba alilelewa na mama yake, muuza senene sokoni Bukoba, na baba hajawahi kumwona. Aliyasema kwa Kiingereza chepesi, taratibu, ili kila mmoja aelewe, kisha akaandika ubaoni jinsi ya kusema "sijui" na jinsi ya kusema "sipendi kujibu swali hilo," akawafundisha sentensi hizo mbili mpaka wakaziimba.

Nimezaliwa kwenye jamii ambayo kijana msomi angekufa kabla ya kusema mbele ya watoto kwamba hamjui baba yake. Kile nilichomsemea siku ya kwanza kuhusu uma nakirudisha mdomoni na kukimeza.

Nikuze alikuwa nje. Nilimwona dirishani, amejibanza ukutani, mvua ikimdondokea begani. Mama yake ndiye aliyemtuma aje asikilize tu. Anastazi alimwona pia. Hakumwita, hakumtazama, ila alisogea akafundishia upande wa dirisha.

Alhamisi, 3 Aprili

Dirishani.

Ijumaa, 4 Aprili

Dirishani. Nimempelekea kipande cha nailoni ajifunike. Amekipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu, 7 Aprili

Amekaa ndani, dawati la karibu na mlango. Anastazi ametangaza kwamba kuanzia sasa mlango wa kipindi chake haufungwi, hata mvua inyeshe vipi, na anayetaka kutoka atatoka bila kuomba ruhusa na atarudi bila kuulizwa. Mvua imerusha maji mpaka safu ya pili. Madam Costansia amepita, ametazama tope sakafuni, amenitazama mimi. Nikatazama dari.

Jumatano, 9 Aprili

Radi. Ilipiga karibu mno, bati likaita, na Anastazi akaruka akajigonga ubaoni. Watoto walicheka mpaka wengine wakashuka chini ya madawati. Akabaki ameegemea ubao, chaki imemvunjikia mkononi. Hapo ndipo sauti ikatoka mlangoni, ndogo, kwa Kiingereza kilichonyooka.

"Unaogopa, mwalimu?"

Darasa likageuka. Anastazi hakugeuka haraka. Akajibu kwa Kiingereza kwamba ndiyo, anaogopa sana, toka utotoni, na kwamba akiogopa hutazama mlango uko wapi. Nikuze akafikiri. Akamwambia, kwa Kiingereza tena, kwamba mlango uko hapa. Akasogeza miguu kumpisha.

Nimetoka nje nikajifanya naita mtu. Machozi ya mwalimu mzima ni fedheha, lakini yalikuwa machozi ya furaha na sina haja ya kuyakana.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Tumefunga kwa Pasaka. Anastazi amewaanzishia mchezo wa kuchukulia nafsi nyingine: kila mtoto anachagua mtu anayemtaka, na maswali yale yale ya kwanza anayajibu kama mtu huyo. Kwenye Kiingereza, anasema, uongo unaruhusiwa. Nina askofu mmoja, madereva wa malori wasio na idadi, na Theoneste amekuwa ng'ombe. Nikuze hajachagua. Amesema anafikiri.

Jumatano, 23 Aprili

Balaa. Shule imefunguliwa, Nikuze hayupo, na adhuhuri Immaculata amekuja mbio kwa miguu mpaka shuleni, hajawahi kufanya hivyo. Mtendaji alipita mtaani kwao Jumatatu ya Pasaka kwa mambo ya choo cha jirani. Hakuuliza kitu kwao. Lakini Mbonimpa alimwona ana karatasi mkononi, na hiyo ilimtosha. Ameamua Nikuze apelekwe Bukoba kufanya kazi za ndani kwa mama mmoja, kesho, kwa basi la asubuhi. Anasema shule ndiyo inayoleta watu wenye karatasi.

Nikamwita Anastazi. Tukaenda sote wawili, kwa miguu, njia ya nyuma. Chumvi aliibeba yeye. Kwenye migomba nikamwambia aite. Akaita: mimi ni Anastazi, mtoto wa Placidia muuza senene, nimekuja kwa amani.

Mbonimpa alikuwa amekaa kwenye gogo uani, begi la binti yake miguuni. Ni mtu mfupi mwenye mabega mapana. Hakutukaribisha. Akamtazama Anastazi, kisha akaanza yeye kuuliza. Unatoka wapi? Mama yako anaishi na nani? Baba yako ni mtu wa wapi? Anastazi akachutama kwenye tope, akawa chini ya macho ya mwenyeji, akajibu moja baada ya jingine. La baba alilijibu kama alivyowajibu watoto. Mbonimpa akamwuliza kama haoni aibu. Akasema aibu anayo, lakini aliyeuliza ni mwenye nyumba na ana haki ya kujua nani yuko uani kwake.

Mzee akachezea kamba ya begi. Akasema atamwacha Nikuze mpaka mkutano wa wazazi wa kufunga muhula. Atakuja mwenyewe amsikie. Akimkuta bado anafunga mdomo kwa woga, mtoto atakwenda Bukoba, kwa sababu shule ya kutetemeka si shule.

Nikaona ni haki. Nilichukia kuona hivyo.

Ijumaa, 25 Aprili

Nikuze yupo. Nimempelekea Madam Costansia habari kabla hajaniuliza. Amesema, "Na mkutano ukifika akanyamaza?" Nikamwambia tutamlilia Mungu.

Jumanne, 6 Mei

Nimegombana na Anastazi. Nilitaka tumkalishe mtoto jioni, tumkaririshe majibu mpaka yamtoke mwenyewe. Amekataa. Anasema akimlazimisha hata mara moja, atakuwa amerudi kuwa mtu wa koti. Nikamwambia heshima yake hiyo itampeleka binti wa watu akaoshe vyombo Bukoba. Akanijibu kwa adabu iliyonikera zaidi kwamba yeye pia halali. Hatukuagana vizuri.

Ijumaa, 9 Mei

Nikuze anauliza kila kitu na hajibu chochote kinachomhusu. Leo kamwuliza mwalimu kwa nini Wazungu husema habari za mvua sana. Anastazi akasema labda hawana kahawa ya kutafuna.

Jumatano, 14 Mei

Kahawa imeanza kuiva. Madawati mengi matupu, watoto wanachuma. Nikuze amekuja na vidole vyeusi.

Jumanne, 20 Mei

Mvua inapungua. Nimemwuliza amechagua kuwa nani kwenye mchezo. Akatabasamu kwa mdomo uliofungwa. Nikamfuata Anastazi, naye hajui. Nikamwuliza ni mwalimu gani huyo asiyejua kinachoendelea kwenye darasa lake. Akasema ni mwalimu anayengoja. Tukacheka, na ugomvi wetu ukaishia hapo.

Jumatatu, 26 Mei

Fundi wa Kayanga amesema redio imekufa. Nimegundua sikuikumbuka mwezi mzima.

Jumatano, 4 Juni

Mkutano ni kesho. Nimemwona Anastazi anafagia darasa mwenyewe. Kijana huyu akibaki hapa nitamtafutia mke, na akiondoka nitamtafutia sababu ya kurudi.

Alhamisi, 5 Juni

Wazazi wamejaa mpaka madirishani, kina baba na mabuti yao ya shamba, kina mama na vitenge vya kanisani. Mbonimpa alikaa benchi la nyuma, mwisho kabisa, karibu na mlango, kofia magotini. Nikaenda kukaa kando yake. Immaculata alibaki nje na wenye watoto wachanga.

Anastazi aliweka meza mbele na kiti nyuma yake. Askofu alijibu maswali yake vizuri. Madereva wa malori walijibu. Ng'ombe alijibu, na wazazi ambao Kiingereza hawakijui waligaragara kwa kicheko. Kisha Anastazi akauliza nani mwingine anapenda. Anapenda, alisema, hakusema anayefuata. Hakumtazama Nikuze. Nilimwona tu anavyoibana chaki.

Nikuze alisimama. Hakwenda pale wanaposimama wanaojibu. Alizunguka meza, akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akavuta karatasi mbele yake, akachukua kalamu. Kwa kidevu akamwonyesha Anastazi mahali pa kusimama. Hapo nikajua amechagua kuwa nani: yule anayeuliza na kuandika.

Akaanza kwa Kiingereza, kwa sauti kavu isiyo yake. Mbonimpa akaniinamia. Neno hata moja alikuwa halijui, lakini alikuwa ameshakaa vingine.

"Binti yangu anamwuliza nini mwalimu?"

"Anamwuliza jina lake."

"Sasa?"

"Sasa anamwuliza anatoka wapi."

Akashika ukingo wa benchi. "Na mwalimu anajibu?"

Nikamwambia anajibu yote. Akaniuliza na la baba pia? Nikamwambia na la baba pia, mbele ya kijiji kizima, na Nikuze anaandika.

Maswali yakaisha. Nikuze akatulia na kalamu hewani, anamtazama mtu aliye mbele yake. Kimya kile nilikijua. Kilikuwa kile cha Machi. Theoneste akajikohoza. Kisha Nikuze akaweka kalamu chini, akasema sentensi moja fupi, na darasa lake lote likapiga makofi.

"Amesemaje?" akauliza Mbonimpa.

"Amemwambia, karibu. Kaa."

Mbonimpa akasimama. Nilidhani anatoka, maana mlango ulikuwa pale pale. Akapita katikati ya mabenchi na kofia yake mkononi, akaacha tope kila hatua, akasimama mbele ya meza mahali alipokuwa Anastazi. Anastazi akarudi nyuma kumpisha.

"Niulize na mimi," akasema.

Nikuze alimtazama mwalimu wake. Mwalimu hakumsaidia kwa lolote. Basi akamwuliza baba yake kwa Kiingereza, na Mbonimpa, aliyeyajua maswali yale kwa mpangilio wake tu, akayajibu kwa Kiswahili moja baada ya jingine, kwa sauti iliyofika barabarani. Naitwa Mbonimpa. Baba yangu ni Nsanzimana, amelala kwenye kibanja chetu. Mama yangu ni Mahoro, yuko ng'ambo ya mto, anaumwa miguu. Nyumbani tuko saba. Natoka hapa Ihanda.

Nikuze hakumngojesha. Akainuka kutoka kwenye kile kiti, na kwa lugha ya nyumbani kwao, ambayo sijawahi kuisikia ikisemwa wazi ndani ya shule yetu, akamwambia karibu, baba, kaa.

Akakaa. Alikaa mpaka mwisho wa mkutano, hata kwenye ajenda ya vyoo.